Adongo wa Orodha ya Pili

Migosi, Kisumu
Jumatatu, 3 Machi 2025

Mpendwa Mama Mdogo Perez,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Migosi. Mimi ni mzima, ila joto la mwezi huu linatuonea na maji ya mfereji yanakuja siku mbili tu kwa wiki. Baba yuko Bungoma, shamba limeshalimwa, anangoja mvua. Kaka Walubengo bado yuko Nairobi, anatafuta kazi kwa mdomo zaidi kuliko kwa miguu. Mguu wako je, umepoa?

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Tangu tumzike Mama, miaka miwili sasa, mimi na wewe tukishika simu tunaanza na salamu na kumaliza na kelele. Kwa kuwa fomu za mradi lazima ziende na kurudi kwa bahasha, nimeona na maneno yetu yasafiri humo humo. Seline wa huko Rachar huja soko la Kibuye na dagaa wake wa omena kila Jumatano. Atabeba.

Sasa kazi. Shirika la ng'ambo linalofadhili utafiti wa watoto wadogo limenipa mwaka mmoja wa majaribio. Swali lao: mtoto wa miaka minne akiangalia video, anajifunza kweli au anatulia tu? Nina nasari nne, na yako ya Rachar ni mojawapo. Wakiridhika watafadhili miaka mitatu, nasari kumi na mbili, nami nitamaliza uzamifu wangu pale chuo kikuu cha Maseno. Wasiporidhika, sijui nitakuwa nani. Kazi ya kufundisha sekondari niliiacha Januari, na tafadhali usinianze.

Watoto wako ni ishirini na wanne. Kompyuta imepiga kura. Kumi na wawili wa orodha ya kwanza wataangalia video dakika ishirini kwa siku, ndani ya stoo, mlango umefungwa. Kumi na wawili wa orodha ya pili hawataona kabisa. Watachora nje na msaidizi wako. Kila siku unatia alama nani ameona na nani hajaona. Video zina maneno ambayo mtoto wa ufuoni hayasikii nyumbani: darubini, kinyonga, theluji, mnara. Mwezi wa sita nitamtuma Nabututu, msaidizi wangu, awapime kwa kadi za picha. Yeye hatajua nani ni wa orodha gani.

Mimi mwenyewe sitafika hivi karibuni. Mambo ni mengi.

Wako,
Lorine


Rachar
12 Machi 2025

Lorine mwanangu, nyar Sabina,

Nimepokea tableti sita, chaja sita, na barua yenye salamu mistari minne na maagizo ukurasa mzima. Mama yako Sabina angeiona angecheka mpaka ashike ukuta. Mguu haujapoa, umezoea tu. Kuku wanne wamekufa kwa kideri, yule jogoo mkorofi amebaki, wanaostahili kufa hawafi. Kanisani wamenichagua tena mweka hazina ingawa nilikataa mara tatu.

Vitu vyako ni vizuri. Sola ya shule inavichaji. Wazazi nimewaita, wamesaini. Lakini kabla hatujaanza, soma hapa polepole.

Sheryl Apiyo umemweka orodha ya kwanza. Mercyline Adongo umemweka orodha ya pili. Hao ni mapacha wa Dorca, yule anayekaanga samaki karibu na mizani ya ufuoni. Majina yenyewe yanakwambia, Apiyo ametangulia na Adongo amefuata. Ukimpa mmoja ndizi unampa na mwingine ndizi. Ukimnunulia huyu kandambili unanunua jozi mbili au unaacha. Hapa kwetu mapacha hawapewi kitu upande mmoja, na nyanya yao Ajwang yuko hai na ana macho.

Waweke orodha moja, yoyote ile. Hata wote wakiwa ya pili ni sawa, nitawaeleza. Niandikie upesi, tunaanza Jumatatu ya tarehe ishirini na nne.

Na hayo mambo mengi yako yataisha lini, ufike? Kitanda chako bado kiko.

Mama yako mdogo,
Perez


Migosi
18 Machi 2025

Mama Mdogo,

Pole kwa kuku. Hapa ni wazima, ila mimi siketi. Nakunywa vikombe vitatu vya chai kabla ya saa nne, nafungua barua pepe, nafunga, nafungua tena. Jirani wa chini amepanda kuniuliza kama nahama, maana anasikia hatua zangu asubuhi yote.

Kuhusu mapacha, siwezi. Kura ikishasajiliwa haiguswi. Nikibadilisha jina moja lazima nipige upya yote, niombe ruhusa, ningoje majibu, na wiki tatu zimekwenda. Wafadhili wanataka matokeo ya kwanza Juni, na kuna waombaji wengine wanaongoja nianguke. Kompyuta imeamua, Mama Mdogo. Haimjui Apiyo wala Adongo, na ndiyo sababu tunaiamini.

Dakika ishirini za video si chakula wala nguo. Mweleze Dorca hivyo. Wewe ni mwalimu wao, watakusikia.

Fomu mpya ziko ndani. Tafadhali tia alama kwa kalamu ya wino, si penseli.

Wako,
Lorine


Rachar
21 Mei 2025

Lorine mwanangu,

Usiseme nimekaa kimya, sema msimu wa omena umefungwa. Tangu Aprili Seline hana cha kupeleka Kibuye, amegeukia mitumba, anakwenda siku akijisikia na anarudi siku akichoka. Bahasha hii imekaa kwake siku nane ikimngoja aamke na hamu ya safari.

Huku mvua imepiga. Ziwa limepanda mpaka kwenye choo cha wavuvi, limekichukua, na hakuna anayelisikitikia hilo. Mama Mchungaji amejifungua msichana. Mahindi ya kando ya shule yameota vizuri mpaka viboko wakaja kuyahakiki, sasa tuna mabua. Nilikwenda kwenye harambee ya paa la kanisa, tukapata mabati kumi na moja na hotuba kumi na nne. Msaidizi wangu ameolewa Ugunja, kwa hiyo sasa niko peke yangu na watoto wote, na unajua umri wangu. Mguu unanisumbua kwenye ngazi tu. Baba yako alinipigia Pasaka, tukaongea vizuri, nikashangaa.

Watoto hawajambo. Mapacha wako sawa.

Fomu zote ziko ndani, kwa wino.

Perez


Migosi
18 Juni 2025

Mpendwa Mama Mdogo,

Salamu tele, na za Baba pia. Walubengo amepata kazi ya ulinzi kwenye jengo moja huko Nairobi na tayari anatushauri sote kuhusu maisha. Hongera kwa mabati.

Nabututu amerudi na kadi. Nimekaa na matokeo siku tano kabla ya kukuandikia. Katika nasari zile tatu nyingine mambo ni kama tulivyotazamia: orodha ya kwanza wanayajua maneno, orodha ya pili hawayajui. Kwako, Rachar, orodha zote mbili wanayajua. Nabututu anasema alitaja darubini, na yule Joram wa orodha ya pili hakuonyesha picha tu, alikunja viganja machoni akamwangalia yeye kupitia hapo.

Siku ya kwanza nilihesabu kadi zote upya. Siku ya pili nilitembea kutoka Migosi mpaka Kibuye na kurudi bila kununua hata nyanya. Siku ya tatu nikaelewa. Watoto wako wanafundishana! Wanaotoka stoo wanawapa wenzao maneno wakiwa kwenye mchezo. Unafundisha darasa moja lenye upendo, wanakula pamoja, wanacheza pamoja, kwa nini maneno yasipite? Hakuna aliyeonyesha hilo kwa watoto wadogo hivi katika ufuo wowote wa hapa. Nimewaandikia wafadhili mistari michache tu, wakajibu siku hiyo hiyo. Hawajawahi kunijibu siku hiyo hiyo.

Sina swali lolote kwako. Fomu zako ni safi, za wino, hazina mkwaruzo. Ni mimi tu nimefurahi na sijazoea.

Wako,
Lorine


Rachar
2 Julai 2025

Lorine mwanangu,

Sote hatujambo. Mvua imekatika.

Umeandika kwamba huna swali. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Ukiwa nalo, uliza. Ukiniuliza nitakujibu, unanijua.

Perez


Migosi
6 Agosti 2025

Mpendwa Mama Mdogo,

Natumaini likizo imekupa nafasi ya kupumzisha mguu. Omena wamefunguliwa, kwa hiyo Seline hana tena kisingizio. Baba anakusalimia. Anasema mwaka huu atavuna mapema, jambo analolisema kila mwaka.

Ripoti ndefu imekwenda, kurasa sitini. Sura ya nne yote ni Rachar. Nimeandika kwamba watoto waliopata video huwapelekea wenzao maneno, kwa hiyo si lazima kila mtoto apewe kifaa. Ukiwapa nusu ya darasa, nusu nyingine itafaidika bila gharama. Wafadhili wanasema hiyo ndiyo habari waliyokuwa wakiingoja. Kwa pesa zile zile wanaweza kufikia nasari mara mbili. Jibu la mwisho ni katikati ya Septemba na kila dalili ni njema.

Nimeanza kuangalia nyumba yenye vyumba viwili, nipate pa kuweka vitabu. Kisha najikuta nimesimama dirishani bila kujua nilikuja kufanya nini hapo. Itaisha tukipata jibu.

Asante kwa kila kitu. Sikuuliza kwa sababu hakuna cha kuuliza.

Wako,
Lorine


Rachar
27 Agosti 2025

Lorine mwanangu, nyar Sabina,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima, shule imefunguliwa juzi, watoto wamerefuka. Salamu zimeisha, maana jambo nililonalo limenikaa kifuani tangu Machi na barua yako ya mwisho imelisukuma mpaka kooni.

Hukuuliza. Basi najibu.

Siku ya kwanza Apiyo aliingia stoo na Adongo akabaki nje na karatasi ya kuchora. Hakulia. Alisimama mlangoni ameweka sikio kwenye mbao. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Apiyo akakataa kuingia, akaketi chini nje na mwenzake. Siku ya nne nyanya yao Ajwang akaja. Hakunisalimu, akaketi kwenye kiti changu.

"Perez," akaniambia, "hawa watoto walikaa tumbo moja. Hii simu kubwa ya Lorine inajua kuwaachanisha kushinda Mungu Nyasaye?"

Nikamwambia ni utafiti, Mama. Akasema, "Sawa, tafiteni wenu. Wangu naenda nao nyumbani."

Nikamwingiza Adongo. Nilijiambia ni yeye tu. Jumatatu iliyofuata Joram akasimama mbele ya darasa, mikono kiunoni, akaniuliza, "Mwalimu, kwani Adongo peke yake ndio ako na macho?" Miaka kumi na tisa nafundisha, na mtoto wa miaka minne akanifanya nimfungulie mlango. Kabla ya Pasaka wote ishirini na wanne walikuwa stoo kila siku, wamebanana mpaka kwenye magunia ya unga wa uji, mlango umefungwa kama ulivyoagiza.

Na kila siku nikatia alama: kumi na wawili wameona, kumi na wawili hawajaona. Kwa wino. Kuwaingiza watoto sijutii hata leo. Fomu najutia. Niliandika uongo kwa mkono wangu siku baada ya siku, kisha Jumapili nikahesabu sadaka.

Sasa nakwambia jambo ambalo mimi na mama yako tulikubaliana tusiwaambie watoto tukiwa hai wote wawili. Tulipokuwa na miaka saba, mfadhili wa kanisa alikubali kumsomesha mtoto mmoja kwa kila boma. Sare, viatu, vitabu, kila kitu. Baba yetu akawaambia hawa ni mapacha. Wakamwonyesha fomu: ina nafasi ya jina moja. Wakaandika la aliyetangulia. Sabina Apiyo akaenda shule, mimi Perez Adongo nikaenda na mbuzi, miaka minne.

Wiki za kwanza alikuwa akirudi ananifundisha. Alichora herufi mchangani, nami nikazifuata kwa kidole. Tulifika M. Baadaye akapata rafiki, akapata kazi ya nyumbani ya kuandika, akachoka. Simlaumu, alikuwa mtoto. Lakini usiniandikie mimi kwamba nusu ikipewa nusu nyingine itafaidika bila gharama. Aliyeingia ndani hufundisha kidogo, halafu husahau. Mimi nilianza kusoma vizuri nikiwa na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja miguuni.

Hiyo sura yako ya nne ifute kabla hawajatoa jibu. Watakuja watu wenye orodha katika nasari nyingine, watasema Rachar ilifaulu, na kila mahali kutakuwa na mtoto mlangoni.

Nisamehe kwa fomu.

Perez


Migosi
22 Septemba 2025

Mama Mdogo,

Barua yako ya tarehe ishirini na saba Agosti imenifikia jana. Seline alikwenda mazishini Suba, akaugua huko, mkoba wake ukabaki umening'inia nyumbani kwa shemeji yake wiki tatu. Amenipa akicheka, eti imekuwa nzito. Nimeshindwa kucheka naye.

Jibu la wafadhili lilikuja tarehe kumi na sita. Wamekubali. Miaka mitatu, nasari kumi na mbili. Nililia dukani kwa Mama Naswa, akanipa soda bila kunidai. Msimamizi wangu alinipigia simu mwenyewe. Baba ametangaza kanisani huko Bungoma. Halafu jana nikafungua bahasha yako.

Ulinifanyia nini? Ungenipigia simu moja tu Machi, tukapigana kelele kama kawaida, ningejua. Ungesema mwezi wa sita. Uliniacha nijenge nyumba nzima juu ya fomu zako, kisha unaniambia msingi ni hewa wakati nimeshaezeka. Na usiniambie uliniambia niulize. Mtu mwenye jambo hasemi "niulize", anasema.

Nimefikiri tangu jana, na nimeamua tunyamaze. Hakuna aliyeumia. Watoto wamejifunza maneno, hilo ni kweli. Mwakani nitapanga nasari mpya vizuri na makosa ya Rachar yatazama katika idadi kubwa. Sina kazi nyingine, Mama Mdogo. Nina miaka thelathini na minne na hiki ndicho kitu pekee nilichojaribu kukifanya chote.

Ndani kuna fomu moja ya mwisho. Ni uthibitisho wa mwalimu kwamba maagizo yalifuatwa. Tia saini, mpe Seline Jumatano. Baada ya hapo sitakuomba kitu tena.

Lorine


Rachar
1 Oktoba 2025

Lorine mwanangu,

Nimefurahi umeniandikia kwa hasira, angalau sasa naisikia sauti yako. Una haki. Nilipaswa kusema Machi. Niliogopa kelele zetu, nikajificha nyuma ya kalamu, na mtu mzima hapaswi kujificha nyuma ya kalamu.

Fomu yako nairudisha bila saini. Uongo wangu wa mwisho ulikuwa wa Julai, siku shule ilipofungwa. Sianzi tena.

Siku ya kumzika mama yako wewe ndiye uliyeshika programu. Mbunge mtarajiwa akaongea dakika ishirini na tano. Mimi ukanipa mbili, na ilipofika ya pili ukanyoosha mkono ukachukua maikrofoni. Nilikuwa nimefika tu pale tulipochora herufi mchangani. Pacha wangu yuko kwenye sanduku, na mtoto wake ananiangalia saa. Sikukwambia kwa sababu nilijua umechanganyikiwa na msiba. Sasa umeipata hadithi yote, imechelewa miaka miwili, na umenijibu tunyamaze.

Sitakwenda kwa wafadhili nyuma ya mgongo wako. Anwani yao ya malalamiko iko kwenye karatasi ya wazazi, naiona kila siku ukutani, na siigusi. Ni kazi yako, ni jina lako. Lakini wakinipigia wakaniuliza, nitawajibu nilivyokujibu wewe.

Dorca anakusalimia. Apiyo na Adongo pia, ingawa wanaamini wewe ni mtu anayeishi ndani ya tableti.

Perez


Migosi
Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Mama Mdogo Perez,

Natumaini mguu unaendelea na wote hapo hamjambo. Hapa kumetulia. Nimelala mpaka saa mbili asubuhi, jambo ambalo sijalifanya mwaka mzima, na jirani wa chini amepanda kuangalia kama niko hai.

Nimewaandikia wafadhili. Ilinichukua siku tisa, na siku nane kati ya hizo nilikuwa natafuta sentensi ya kuniokoa. Walijibu baada ya siku mbili. Wanashukuru kwa ukweli, wanaifuta ripoti, na miaka mitatu haipo tena. Vifaa virudi kabla ya mwisho wa mwezi. Msimamizi wangu anasema naweza kuanza upya nikipata pesa kwingine, na hilo neno "nikipata" alilisema mara mbili. Baba bado sijamwambia. Itabidi atangaze tena.

Sijakusamehe, na usiniharakishe. Nikikumbuka zile alama za wino napandwa na joto mpaka masikioni. Kuhusu maikrofoni, hapo sina la kujitetea. Niliogopa kwamba ukiendelea nitalia mbele ya watu na programu itaharibika. Programu, eti.

Kulikuwa na fomu ya maelezo, na ndani yake swali: kosa lilitokana na nini? Nikaandika, mwalimu hakufuata maagizo. Ni kweli, na ingeniachia jina langu likiwa safi kiasi. Nikavaa viatu nikatembea mpaka Kibuye, nikazunguka mitumba yote, nikarudi, nikaifuta. Yale majina mawili niliyaona Februari, kabla sijafunga bahasha. Apiyo na Adongo, mama mmoja, nyumba moja. Kanuni ya utafiti yenyewe inasema watoto wa nyumba moja wakae kundi moja. Hukuhitaji hata mila kuniambia hivyo. Nilijua, lakini kurekebisha kungenila wiki tatu na nilikuwa na haraka, nikasema kompyuta imeamua. Hilo ndilo nililoandika. Chini yake nikaongeza jambo ambalo hawakuuliza: kwamba mama yangu aliingia darasani na dada yake akabaki nje, na kwamba mimi ni mtoto wa yule aliyeingia.

Nitafika Jumatano tarehe ishirini na mbili kuchukua tableti, kabla shule hazijafungwa. Zichaji zote sita. Hakuna dakika ishirini tena, hakuna anayepima. Fungua mlango wa stoo, au watoe nje kama kuna kivuli, na waangalie mpaka betri ziishe. Nataka kukaa nyuma yao. Nimeandika kurasa sitini juu ya watoto hawa na sijawahi kumwona hata mmoja.

Usiwaambie kwamba nakuja kuzichukua. Nitawaambia mwenyewe, wote pamoja, na wakilia watanililia mimi.

Mwanenu,
Lorine